Kasisi wa Nyika: Historia ya Frontier Services ya Australia, Tangu 1912

Utangulizi

Tarehe 26 Septemba 1912, Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Australia uliridhia kuundwa kwa idara mpya iliyoitwa Australian Inland Mission. Usimamizi wake ukakabidhiwa John Flynn, mchungaji wa miaka 31. Kazi iliyoanzishwa siku hiyo haijakoma. Leo inaendelea chini ya Uniting Church kwa jina la Frontier Services, na mhimili wake ni uleule wa mwanzo: kasisi anayetumwa na kugharamiwa na kanisa ili awatembelee watu wanaoishi mbali na kila huduma, awe mtu wa dhehebu lolote au asiye na dini kabisa.

Wengi wanaifahamu kazi hii kwa matunda yake makubwa: ndege za madaktari, redio ya kukanyaga kwa miguu na hospitali za jangwani. Kijitabu hiki kinasimulia hayo yote kwa fahari, kwa sababu yanastahili. Lakini kinakusudia pia kuonyesha mzizi wake. Huduma hizo zilitokana na ziara. Kasisi alifika, akaketi, akasikiliza, akarudi na habari, na kanisa likaamua kubeba mzigo. Kila mara wengine walipokuwa tayari kuubeba mzigo huo vizuri zaidi, kanisa liliukabidhi, likabaki na kazi yake ya kwanza ya kutembelea.

Kabla ya 1912: Haja iliyoizaa misheni

Mwanzoni mwa karne ya 20, Waaustralia walio wengi waliishi katika miji ya pwani. Nyuma ya miji hiyo kulikuwa na nyika isiyoonekana mwisho. Jimbo la Northern Territory peke yake, lililowekwa chini ya serikali kuu tarehe 1 Januari 1911, lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, eneo kubwa kuliko Tanzania nzima. Humo waliishi Waaborijini, wenyeji wa nchi kwa maelfu ya miaka, pamoja na walowezi wachache: wafugaji wa ng'ombe na kondoo, wachimba madini, wajenzi wa reli, wapiga simu za maandishi na madereva wa misafara ya ngamia.

Mlowezi aliyevunjika mguu huko hakuwa na wa kumkimbilia. Mama mjamzito alisafiri kwa gari la farasi majuma mengi kumfuata mkunga, au alijifungua peke yake. Aliyefiwa alimzika marehemu wake mwenyewe, bila mtu wa kusoma sala.

Kanisa la Presbiteri lilikuwa na kituo kidogo huko Beltana, Australia Kusini, tangu 1894. Kilitegemea mali iliyotolewa na mama mmoja wa Scotland, Bi Smith wa Dunesk. Flynn alifika Beltana mwaka 1911, mara tu baada ya kuwekewa mikono. Alikwisha kuonyesha mapema jinsi alivyoielewa huduma. Mwaka 1910 alikuwa amechapisha kitabu kidogo, The Bushman's Companion, kilichogawiwa bure kwa watu wa nyika. Mlikuwa na maelekezo ya huduma ya kwanza, namna ya kuandika wosia, na ibada ya maziko ambayo mtu asiye mchungaji angeweza kuiongoza.

Mwaka huohuo wa 1911 nyumba ya uuguzi ilifunguliwa Oodnadatta, kituo cha mwisho cha reli wakati huo, karibu kilomita 1,000 kaskazini mwa Adelaide. Kanisa likamtuma Flynn kwenda kupima hali ya Northern Territory. Taarifa aliyoileta mwaka 1912 ndiyo iliyoushawishi Mkutano Mkuu.

1912–1927: Ngamia, wauguzi na uhaba wa kila kitu

Misheni ilianza ikiwa na kituo kimoja cha uuguzi na eneo moja la doria, vyote Oodnadatta. Mwaka 1913 Flynn alianzisha jarida, The Inlander, lililojaa picha, ramani na takwimu. Kusudi lake lilikuwa kuwafanya waumini wa Sydney, Melbourne na Adelaide wawaone majirani ambao hawakuwahi kukutana nao. Michango iliyotokana na jarida hilo ndiyo iliyonunua ngamia, dawa na vitanda.

Kasisi wa doria alikuwa na kazi ngumu. R. Bruce Plowman, aliyeshika doria ya Oodnadatta katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, alisafiri kwa ngamia kuelekea kaskazini, kutoka shamba hadi shamba, miezi mingi kwa safari moja. Baadaye aliandika vitabu vya kumbukumbu kuhusu maisha hayo. Katika mizigo yake kasisi alibeba Biblia na vitabu vya kusoma, na pia barua, dawa na vifaa vya kung'olea meno. Akikuta ua limeanguka, alisaidia kulisimamisha. Akikuta watoto wasiojua kusoma, aliwafundisha kwa siku alizokaa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika nyumba hizo zilizokaa miezi bila kubishiwa hodi, usemi huo ulikuwa na maana yake kamili.

Kufikia 1918, doria nyingine zilikuwa zimeanzishwa upande wa Port Hedland na Broome, Pine Creek na Cloncurry. Nyumba za uuguzi nazo ziliongezeka. Birdsville ilipata yake mwaka 1923, ndani ya jengo lililokuwa hoteli. Mwaka 1926 ilifunguliwa Adelaide House katika mji ambao sasa ni Alice Springs. Flynn mwenyewe alishiriki kuibuni: hewa ilipitishwa chini ya ardhi na kupozwa kwa magunia yaliyoloweshwa maji, ili mgonjwa apumue hata joto lilipokuwa kali. Innamincka ilifuata mwaka 1928. Katika kila kituo kanisa lilipeleka wauguzi wawili wawili, kwa mkataba wa miaka michache. Utaratibu huo ulitokana na busara: upweke wa nyikani haukupaswa kubebwa na mtu mmoja.

Hata hivyo wauguzi hawakutosha. Mwaka 1917, mchunga ng'ombe Jimmy Darcy alianguka na farasi wake karibu na Halls Creek, Australia Magharibi, akaumia vibaya. Daktari wa karibu zaidi aliyepatikana alikuwa Perth. Kwa simu ya maandishi, Dkt. Holland alimwelekeza mkuu wa posta, Fred Tuckett, namna ya kumpasua mgonjwa kwa kisu kidogo cha mfukoni. Kisha daktari mwenyewe akafunga safari ya karibu majuma mawili, kwa meli, kwa gari na kwa farasi. Alipofika, Darcy alikuwa amefariki siku moja kabla.

Magazeti yalilifuatilia tukio hilo nchi nzima, na Flynn akaona ushahidi wa hoja yake. Katika mwaka huohuo alipokea barua ya mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa njiani kwenda vitani kama rubani, Luteni Clifford Peel. Kijana huyo alieleza jinsi ndege zingeweza kuwafikisha madaktari nyikani, pamoja na makisio ya gharama na vituo. Peel aliuawa Ufaransa Septemba 1918, asione matokeo ya barua yake. Flynn aliichapisha katika The Inlander, akatumia miaka 10 kutafuta fedha, marubani na chombo cha mawasiliano.

1928–1939: Ndege, redio na uamuzi wa kukabidhi

Wosia wa mwenye viwanda vya mashine za kilimo, Hugh Victor McKay, uliiachia kazi hii pauni 2,000. Kampuni changa ya Qantas ilikubali kukodisha ndege kwa shilingi mbili kwa kila maili. Tarehe 15 Mei 1928, huduma ya madaktari wa ndege ilianza rasmi Cloncurry, Queensland, chini ya Australian Inland Mission. Siku mbili baadaye, ndege ya DH.50 iliyoitwa Victory iliruka kuelekea Julia Creek, ikiendeshwa na rubani Arthur Affleck na kumbeba Dkt. Kenyon St Vincent Welch. Ndani ya mwaka wa kwanza ziliruka safari 50, na wagonjwa 225 wakatibiwa.

Ndege bila mawasiliano ingekuwa nusu ya kazi, maana aliye taabuni alihitaji kuiita. Fundi wa Adelaide, Alfred Traeger, aliunda redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali kwa miguu, kama mtu aendeshaye baiskeli. Mwaka 1929 seti za kwanza zilifungwa katika mashamba ya mifugo yaliyozunguka Cloncurry, Augustus Downs likiwa la mwanzo. Kwa mara ya kwanza mama wa nyikani aliweza kumwita daktari, na pia kuwasiliana na jirani yake aliye umbali wa kilomita 100. Mwaka 1951 mtandao wa redio ya madaktari wa ndege ulizaa shule ya angani huko Alice Springs, watoto wakawa wanasomeshwa kwa redio majumbani mwao.

Huduma ilipothibitika kuwa inafaa, swali lilizuka: iwe ya nani? Gharama zilizidi uwezo wa dhehebu moja, na wahitaji walikuwa taifa zima. Flynn mwenyewe ndiye aliyelisukuma kanisa likubali kuiachia. Mwaka 1934 huduma ya ndege ikaanza kuhamia kwenye chombo kipya cha kitaifa, na tangu 1955 inaitwa Royal Flying Doctor Service. Ni nadra kwa taasisi kukabidhi kazi yake inayosifiwa kuliko zote wakati imeanza kung'aa. Australian Inland Mission ilifanya hivyo, na hili ni miongoni mwa mambo ya heshima zaidi katika kumbukumbu zake.

Afrika Mashariki ilipata huduma ya namna hiyo mwaka 1957, pale madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees walipoanzisha Nairobi kazi ya madaktari wa ndege ambayo leo inajulikana kama Amref.

Kuanzia 1939 hadi 1942 Flynn alikuwa Moderata Mkuu wa kanisa lake huku akiendelea kuisimamia misheni. Alifariki Sydney tarehe 5 Mei 1951, na majivu yake yakazikwa karibu na Alice Springs. Tangu miaka ya 1990 sura yake imo katika noti ya dola 20 ya Australia, pamoja na ndege ya Victory na kasisi wa doria juu ya ngamia.

1936–1976: Kizazi cha Fred McKay

Mwaka 1936 Flynn alimwajiri mchungaji kijana, Fred McKay, kushika doria ya magharibi ya Queensland. McKay alisafiri kwa gari lenye redio. Baada ya kuoa mwaka 1938, alifuatana na mkewe Meg, aliyekuwa muuguzi, na nyumba nyingi zikapata kasisi na muuguzi katika ziara moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumu kama kasisi wa jeshi, na mwaka 1951 akamrithi Flynn katika usimamizi.

Kipindi chake kilikuwa cha kuimarisha. Mwaka 1956 lilifunguliwa Kanisa la Ukumbusho la John Flynn mjini Alice Springs. Makazi ya wazee, waliozeekea nyikani bila jamaa, yalipewa uzito. Jamii nayo ilikuwa ikibadilika: migodi mipya ilileta miji ya vijana, barabara ziliboreshwa, na serikali zikaanza kuchukua hospitali. Misheni ikaelekeza nguvu zake penye upungufu mpya: malezi ya watoto, ushauri kwa familia, na utunzaji wa wazee. McKay alistaafu katika miaka ya 1970, akafariki mwaka 2000.

Walioachwa pembeni, na safari ya kurekebisha

Historia ya haki haiwezi kuruka ukurasa huu. Australian Inland Mission iliundwa kwa ajili ya walowezi. Kazi miongoni mwa Waaborijini iliachwa mikononi mwa kamati nyingine za kanisa, nao hawakupata nafasi sawa katika hospitali za nyikani, ingawa nchi ilikuwa yao na mashamba mengi ya mifugo yalitegemea jasho lao. Mali ya Bi Smith yenyewe ilikuwa imetolewa kwa kusudi la kuwafaa Waaborijini. Kutoka ndani ya kanisa, daktari mpasuaji wa Adelaide, Charles Duguid, alilipinga jambo hili waziwazi katika miaka ya 1930. Juhudi zake zilichangia kuanzishwa kwa misheni ya Ernabella mwaka 1937, iliyosisitiza kuheshimu lugha na desturi za wenyeji.

Kosa jingine lilitendeka kwenye kaburi la Flynn. Juu yake liliwekwa jiwe kubwa la mviringo lililoondolewa Karlu Karlu, mahali patakatifu pa Wawarumungu na Wakaytetye, bila ridhaa yao. Wenyewe walidai lirudishwe kwa miaka mingi. Mwaka 1999 lilirudishwa, na watu wa Arrernte, wenye ardhi ya Alice Springs, wakatoa jiwe jingine kutoka nchi yao ili kaburi lisibaki wazi. Waaborijini, watu waliodhulumiwa, ndio waliotoa zawadi. Miaka mitano kabla, mwaka 1994, Uniting Church ilikuwa imefanya agano rasmi na umoja wa Wakristo wake wa asili, ikakiri sehemu yake katika dhuluma zilizotendeka.

1977 hadi leo: Frontier Services

Tarehe 22 Juni 1977, Wamethodisti, Wakongregesheni na sehemu kubwa ya Wapresbiteri waliungana na kuwa Uniting Church. Kazi za nyikani za makanisa hayo, ikiwemo ile ya Wamethodisti iliyoanza mwaka 1926, ziliunganishwa na baadaye zikaitwa Frontier Services. Wapresbiteri waliobaki nje ya muungano waliendelea na kazi yao kwa jina la Presbyterian Inland Mission.

Kwa miongo kadhaa Frontier Services ilibeba huduma nyingi za jamii, zikiwemo makazi ya wazee. Katika muongo wa 2010, baada ya kutimiza miaka 100, huduma hizo za wazee zilipelekwa kwa vyombo vingine vya Uniting Church, na taasisi ikarudi kwenye kiini chake: makasisi wa nyika, pamoja na mpango wa Outback Links unaowapeleka watu wa kujitolea kwenye mashamba yaliyoelemewa. Fundi seremala, mwalimu mstaafu au fundi bomba hukaa na familia kwa siku kadhaa na kufanya kazi iliyowashinda.

Haja haijapungua, imebadilika sura. Simu na intaneti zimefika sehemu nyingi, lakini vijana wamehamia mijini, shule na benki za vijijini zimefungwa, na deni la shamba humwelemea mtu mmoja aliyebaki na mifugo. Kaskazini-magharibi mwa Queensland, mwanzoni mwa 2019, mvua kubwa ilinyesha baada ya miaka ya ukame. Wafugaji waliokuwa wameiomba waliona mafuriko na upepo wa baridi vikiua mamia ya maelfu ya ng'ombe waliokwisha kudhoofika. Waliopigwa ni pamoja na watu wa Julia Creek na Cloncurry, mahali palepale ilipotua na kupaa ndege ya kwanza ya daktari. Serikali na mashirika yanaweza kuleta nyasi na fedha. Kuketi na mfugaji aliyelazimika kuwapiga risasi ng'ombe aliowalea, na kurudi tena mwezi unaofuata wakati waandishi wa habari wamekwisha kuondoka, ni kazi ya kasisi.

Namna kanisa linavyomtegemeza kasisi

Kasisi mmoja huweza kuwa na eneo kubwa kuliko nchi nyingi. Hubatiza, hufungisha ndoa na huzika, lakini saa nyingi hutumika jikoni kwa watu, kwenye zizi na kwenye mikutano ya kijiji. Anapokuta mtu amekata tamaa ya kuishi, humsikiliza, humsindikiza kwa mtaalamu, na hubaki kuwa rafiki wa nyumba. Hawezi kufanya hivyo kwa moyo pekee. Utegemezaji wake una nguzo nne:

- Posho na gari. Michango ya parokia, wosia na wafadhili hulipa mshahara, mafuta na matengenezo, ili kasisi asiwe mzigo kwa familia zenye dhiki. Baadhi ya doria, kama ile iliyopewa jina la McKay huko Queensland, zimetumia ndege ndogo.
- Usimamizi wa kitaaluma. Uniting Church inawataka wahudumu wake wawe na mtu wa kuzungumza naye kwa siri kuhusu mizigo ya kazi.
- Wenzake. Makasisi hukutanishwa ili kujifunza, kuomba pamoja na kupumzika.
- Muda. Hapimwi kwa idadi ya waongofu wala ya ibada. Anaruhusiwa kukaa eneo moja hadi aaminiwe.

Jedwali la matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1894 | Kituo cha Beltana chaanzishwa |
| 1910 | The Bushman's Companion chachapishwa |
| 1911 | Nyumba ya uuguzi yafunguliwa Oodnadatta |
| 1912 | Australian Inland Mission yaundwa. John Flynn msimamizi |
| 1913 | Jarida la The Inlander laanza |
| 1926 | Adelaide House yafunguliwa. Wamethodisti waanza misheni yao ya nyikani |
| 1928 | Huduma ya madaktari wa ndege yaanza Cloncurry |
| 1929 | Redio za Traeger zafungwa mashambani |
| 1934 | Huduma ya ndege yaanza kukabidhiwa chombo cha kitaifa |
| 1951 | Flynn afariki; Fred McKay amrithi |
| 1956 | Kanisa la Ukumbusho la John Flynn lafunguliwa |
| 1977 | Uniting Church yaundwa |
| 1994 | Agano kati ya Uniting Church na Wakristo wake wa asili |
| 1999 | Jiwe la Karlu Karlu larudishwa |
| 2012 | Miaka 100 ya kazi |

Yaliyo mbele

Wasimamizi, wauguzi, marubani, mafundi na makasisi waliotajwa hapa, pamoja na mamia wasiotajwa, waliacha urithi ulio wazi. Hospitali nyingi walizoanzisha sasa ni za serikali au zimekuwa makumbusho, na ndege zina wenyewe. Kilichobaki mikononi mwa kanisa ni kile ambacho hakuna mwingine aliyejitokeza kukichukua: kumtuma mtu, kumlipa, kumtunza, na kumpa muda wa kutosha mlangoni kwa jirani aliye mbali. Ukame utarudi, na bei za mifugo zitashuka tena. Makanisa yoyote yenye wachungaji katika maeneo makavu, yawe Queensland au Marsabit, yana wajibu wa kujiuliza kabla ya siku hizo kama mchungaji wao ana mafuta kwenye gari, mshahara wa mwezi ujao na mtu wa kumsikiliza. Anayetegemezwa vyema ndiye atakayeweza kubaki pale watu wanapomhitaji zaidi.